Wachapaji wa mabango na vikombe, nani amewatuma "kurekebisha" namba za Kiingereza?

Wakuu, nimevimba. Nimetoka kuchukua mzigo wa mahafali ya shule yetu: bango la mlangoni na vikombe vya bonanza. Kwenye karatasi niliandika kwa mkono wangu "12th Graduation". Bango limetoka "12nd", tena kwa rangi ya dhahabu, linasomeka hadi ng'ambo ya barabara. Namuuliza kijana wa kompyuta, anajibu bila wasiwasi: "Mkuu, si inaishia na mbili? Kama 2nd na 22nd. Nimekurekebishia."

Umenirekebishia!

Hizo herufi hazifuati tarakimu ya mwisho, zinafuata matamshi. Ni mkia wa neno lenyewe: first inatoa st, second nd, third rd, fourth th. 22 huishia na second, ndiyo maana inapata nd. Lakini 12 hutamkwa twelfth, basi th, kama ilivyo eleventh na thirteenth. Hata ukifika 111, 112 na 113 ni th tu. Unaishi kwa kuandika mabango halafu hilo linakushinda?

Vikombe sasa ndiyo balaa. Timu iliyoshika nafasi ya pili imeandikiwa "2nd Runner Up". Jamani, first runner-up ndiye anayemfuata bingwa, yaani mshindi wa pili. Second runner-up ni wa tatu! Watoto wamefika fainali, wametolewa kwa penalti, kikombe kinawashusha. Na waliokuwa wa tatu kweli wamepewa "3rd Runner Up", maana yake wa nne, kwenye bonanza la timu nne. Wameburuza mkia kwa maandishi.

Nikidai achape upya, anataka nilipe nusu, au abandike stika juu ya ile "nd". Stika! Wazazi wote watapigia picha hapo.

Na kamati yetu nayo haisalimiki. Kwenye kikao nilisema tuandike "Mahafali ya 12", kila mtu ataelewa, wala hakuna mkia wa kukosea. Nikaambiwa Kiingereza kina hadhi. Haya, hadhi imeshachapwa, waje waitundike wenyewe.

Sherehe ni Jumamosi. Mwenye kumjua mchapaji hapa Moro anayeandika kile alichopewa na mteja, anirushie namba PM. Wajuaji sitaki.