Nafasi za utafiti zenye mshahara kwa aliyemaliza digrii ya kwanza: nianzie wapi?

mwana_langoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Niko Lamu, nimemaliza digrii ya uhusiano wa kimataifa mwaka huu, daraja la pili la juu. Kabla ya uzamili natafuta nafasi ya utafiti ya mwaka mmoja, yenye mshahara au posho ya kumtosha mtu kuishi. Matangazo ni mengi: moja lataka uzamili, jingine lataka chuo kikupendekeze. Nishughulikie lipi kwanza? Na sampuli ya maandishi wanayoitaka huandikwaje?

bint_shela
Waaleikum salaam, mdogo wangu. Kabla ya kutazama jina la taasisi, tazama tarehe yako ya kuhitimu, maana ndiyo inayofungua na kufunga milango. Feloshipu (nafasi ya utafiti ya muda maalum) ya James C. Gaither ya Carnegie Endowment, taasisi ya utafiti wa siasa za kimataifa kule Washington, hulipa mshahara wa mwaka mzima pamoja na marupurupu, lakini huchukua walio mwaka wa mwisho na waliohitimu ndani ya mwaka mmoja tu. Ukishaanza uzamili umejitoa. Tena haiombwi moja kwa moja: chuo chako kiwe kwenye orodha ya vyuo vinavyoshiriki, nacho ndicho kipeleke jina. Orodha iko kwenye tovuti yao. Kama chuo chako hakimo, ondoka hapo leo hii, usiandike insha ambayo haitasomwa.

Wenye nafasi nzuri huko ni vijana wetu walioko vyuo vya Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Hao waulinde muda wao wa OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo. Ni miezi 12, na feloshipu yenyewe ni ya mwaka mzima. Aliyekwisha kula miezi mitatu kwenye kazi nyingine hubaki na tisa, haimtoshi.

Kwa wewe uliye hapa: Umoja wa Afrika una kikosi cha vijana wa kujitolea, umri wa miaka 18 hadi 35, miezi 12, na kuna posho. Si utafiti mtupu, ila unaweza kupangiwa idara inayoandika. African Leadership Centre ya Nairobi, inayoshirikiana na King's College London, nayo hutangaza feloshipu za amani na usalama kwa vijana wa Afrika. Soma kila tangazo lao kwa makini, masharti ya kila moja ni yake. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, iache kwanza, wanataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, tena ni ufadhili wa uzamili. Na tafadhali usidanganyike na jina la Umoja wa Mataifa: mafunzo kazini ya Sekretarieti hayana mshahara, kwa hiyo kodi na chakula Nairobi ni juu yako. ILO, Shirika la Kazi Duniani, wao hulipa posho.

mkalimani_wa_hoja
Niongeze kwenye sampuli, maana wengi huangukia hapo. Watu hukata sura moja ya tasnifu wakaituma ilivyo, na msomaji anajikuta katikati ya safari asiyoijua mwanzo wake. Andika upya, kurasa tano hadi kumi au kiasi walichotaja, yenye swali moja linalojitegemea.

Na swali lichote nyumbani. Tazama sentensi hii: "Mgogoro wa mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia ni suala nyeti linaloathiri watu wengi." Yeyote popote angeiandika. Sasa hii: "Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilikataa mstari wa latitudo ambao Kenya iliudai, na Kenya ikaikataa hukumu. Makala hii inauliza mvuvi wa Kiunga hufuata mstari upi, na nani humwambia." Ya pili ina tarehe, ina mgongano, na jibu lake linatafutika. Hukumu nzima iko kwenye tovuti ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Isome yenyewe, usinukuu gazeti. Ukitaka kuwahoji wavuvi rasmi, chukua kwanza kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Aliye upande wa Malindi ana kituo cha anga cha Luigi Broglio pale Ngomeni: mkataba wa Kenya na Italia juu ya kituo hicho uko mlangoni pake, achote swali hapo.

Wakitaka waraka wa sera, huo ni kitu kingine kabisa. Ukurasa mmoja au miwili, na pendekezo likae juu, si mwishoni.

mwana_langoni
Ahsanteni sana. Na barua za walimu? Mhadhiri wangu ni mgumu kupatikana.

bint_shela
Mpe wiki sita, na umpunguzie kazi: mtumie tangazo, matokeo yako, rasimu ya insha, na aya moja ya kumkumbusha kazi uliyoifanya darasani kwake. Mara nyingi kiungo cha kupakia barua humfikia yeye moja kwa moja, na hupotelea kwenye barua taka. Mpigie siku hiyohiyo. Tumia anwani yake ya chuo.

Alama usizigeuze mwenyewe kuwa za Kimarekani. Andika daraja lako kama lilivyo. Kama mahafali bado, omba chuo barua ya kuthibitisha umemaliza.

mkalimani_wa_hoja
Saa pia. Makataa ya saa kumi na moja jioni Washington mwezi wa Januari, kwetu ni saa saba usiku. Tuma siku mbili kabla, umeme na mtandao wa huku twaujua.

Halafu kagua majina. Kitambulisho kikisema Mohamed, cheti Muhammad na pasipoti imeacha jina la babu, utakwama mwishoni, umeshachaguliwa. Hati ya kiapo kwa wakili huunganisha majina, ila pasipoti irekebishe mapema. Na anayekudai ada ya kushughulikia ombi kwa M-Pesa, mfungie simu.