Mjadala: Neimspesi za watumiaji (vyumba vilivyotengwa ndani ya Linux) zifungwe, au tuendelee kuziba matundu ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) moja moja?

MLETA MADA: Wakuu, nimepitia tena kiraka (marekebisho) cha tundu la usalama lenye namba CVE-2016-8655 kwenye Linux na bado sijapoa. Kosa liliingia kwenye af_packet.c, faili la keneli la soketi za pakiti (milango ya programu kupokea pakiti ghafi za mtandao), Agosti 2011 pamoja na TPACKET_V3, toleo la tatu la namna ya kupitisha pakiti hizo. Philip Pettersson akaja kuligundua mwishoni mwa 2016.

Lilikuwa hivi. packet_set_ring, sehemu ya msimbo inayoandaa kumbukumbu ya pakiti, inaangalia toleo la soketi. Ikikuta V3, inawasha taima. Papo hapo uzi mwingine (kazi inayoendeshwa sambamba) unaligeuza toleo kuwa V1 kwa setsockopt, amri ya kubadili mipangilio ya soketi, wala hakuna kufuli la kuuzuia usubiri zamu. Soketi ikifungwa, keneli inaona V1, inadhani hakuna taima ya kuzima, inaachilia kumbukumbu. Taima inaendelea kuhesabu juu ya kumbukumbu ambayo si yake tena! Anayejua kupanga data zake kwenye nafasi hiyo anaondoka na ruti, yaani mamlaka yote ya mashine.

Kiraka ni kifupi: pande zote mbili zishike kufuli la soketi, lock_sock, kwanza. Sina ugomvi nacho. Ninachouliza ni mtumiaji wa kawaida alifikaje huko, maana soketi hizo zinadai CAP_NET_RAW, ruhusa ambayo yeye hana. Alipitia neimspesi za watumiaji: unaunda yako, humo ndani unakuwa bosi, unafungua soketi unayotaka. Kwangu mimi zizimwe tangu kiwandani, anayezihitaji aziwashe mwenyewe. Debian (aina mojawapo ya Linux) walikaa hivyo hadi toleo la 11 lilipotoka 2021, na kazi zilienda.

MCHANGIAJI: Mkuu, unazihukumu neimspesi kwa kosa la kufuli. Chrome inazitumia hizohizo kutenga kurasa zisiguse mashine. Podman isiyo na ruti, ya kuendesha kontena (programu zilizofungiwa peke yake), vilevile. Ukizizima, vijana wa ofisini wataendesha kontena kwa ruti, halafu tutarudi hapa kulia upya.

MCHANGIAJI MWINGINE: Naongezea tundu CVE-2021-26708, la soketi za vsock (mawasiliano kati ya mashine pepe na mashine inayoibeba), aliloligundua Alexander Popov. Kielekezi cha transport (anwani ya njia ya kusafirishia data) kilisomwa kabla ya lock_sock kushikwa, kwa hiyo thamani yake iliweza kubadilika katikati. Kiraka kilihamisha usomaji huo uje baada ya kufuli, basi. Na pale neimspesi haikuhitajika hata kidogo: mtumiaji yeyote akifungua soketi ya vsock, moduli yake (kipande cha ziada cha keneli) inajipakia yenyewe. Hapo ungezima nini, mleta mada?

MLETA MADA: Ningezima huko kujipakia. Seva ya tovuti ina shida gani na vsock? Kila msimbo ambao mgeni hawezi kuufikia ni kufuli moja pungufu la kukesha nalo. Na kama kuzima kabisa kunawatisha, Ubuntu 24.04 (Linux nyingine) wana njia ya kati: programu yenye profaili ya AppArmor (orodha ya yale inayoruhusiwa kufanya) inaruhusiwa kuunda neimspesi, nyingine zinabanwa.

MCHANGIAJI: Profaili ya programu uliyoijenga mwenyewe anakuandikia nani? Tunachokiona mtaani ni watu kuweka kernel.apparmor_restrict_unprivileged_userns=0, kizuizi kinaondoka kwa mashine nzima, na hakuna anayekumbuka kukirudisha.