Kiangazi cha Uingereza kuyumbayumba hivi: ni ajabu kweli au ndivyo kilivyo?

Bi_Leicester: Wakuu, heshima kwenu. Huku Leicester asubuhi jua, mchana mvua, jioni koti, na hii ni Julai. Kazini kila mtu anasema haijawahi kuwa hivi. Tuna walima bustanini Jumamosi ya benki holidei ya Agosti (wikendi ndefu ya mapumziko ya kitaifa), wageni 80. Hali hii ni ya ajabu kweli? Na hema litatosha au nitafute ukumbi?

Kipimamvua: Si ya ajabu, dada. Kiangazi cha huko huamuliwa na mkondo wa upepo mkali unaotoka Atlantiki, kilomita 9 au zaidi juu. Ukipita kaskazini ya Scotland, mgandamizo mkubwa wa hewa wa Azores, visiwa vya Atlantiki, hutanuka na mnapata jua siku nyingi mfululizo. Ukishuka kusini, migandamizo midogo ya hewa, yenye kuleta mvua, huja mmoja baada ya mwingine, na mkondo ukikwama hapo mnaloa wiki kadhaa. Ndiyo mafuriko ya 2007. Kiangazi cha 2012, mwaka wa Olimpiki ya London, kilikuwa cha mvua nyingi zaidi kwa miaka 100. Mwaka 2023 Juni ilivunja rekodi ya joto, Julai ikageuka mvua tupu. Watu wanakumbuka viangazi vya joto na ukame vya 1976 na 2018, wanadhani hiyo ndiyo kawaida!

Usipime kwa koti. Fungua wastani wa 1991–2020 wa kituo cha hali ya hewa cha karibu kwenye tovuti ya Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, uangalie milimita za mvua na idadi ya siku zilizopata milimita 1 au zaidi. London kwa Julai ni siku 8 hivi. Magharibi mwa Scotland ni nyingi zaidi. Ulinganishe mwezi uliokwisha, si nusu mwezi, maana mvua moja ya radi ya mchana yaweza kumwaga sehemu kubwa ya mvua ya mwezi.

Mzee_wa_Mawingu: Naongezea, isije ikaeleweka kwamba hakuna kinachobadilika. Coningsby, kijiji cha mashariki mwa England, ilifika nyuzi 40.3 tarehe 19 Julai 2022, na kiangazi cha 2025 ndicho kilichovunja rekodi ya 2018 ya wastani wa joto. Hewa ikipanda nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka, inashuka kwa kishindo. Kuyumba ni kwa zamani. Ukali ndio unaoongezeka.

Bi_Leicester: Nimewaelewa. Sasa utabiri wa simu ukiandika 40% kila saa, kuanzia saa 6 mchana hadi saa 12 jioni, ndiyo kusema mvua ya kutwa?

Kipimamvua: Hapana. Kila saa ina nafasi 4 kati ya 10. Mara nyingi hizo ni rasharasha za mchana: ardhi inapata joto, mawingu yanapanda, mtaa mmoja unaloa na wa pili mkavu. Fungua rada ya mvua: ukiona vipande vilivyotawanyika, unasubiri dakika 20; ukiona mkanda mrefu unaotoka magharibi, hiyo ni mvua ya saa kadhaa. Chakula kikitoka saa 5 asubuhi mnatangulia rasharasha nyingi.

Fundi_Mahema: Hema kodi leo, wikendi ile yanaisha mapema. Kuta za pembeni amua siku tatu kabla. Utabiri wa zaidi ya siku tano ni mwelekeo tu. Muulize mwenye hema kikomo chake cha upepo, kwa maili kwa saa, kisha soma kwenye utabiri kasi ya upepo wa ghafla, si ya wastani. Udongo uliolowa haushiki vigingi vifupi: taka virefu, vichwa vyake vilale upande wa nje, mbali na hema. Mahema mawili yakiunganishwa lazima mfereji wa kukinga maji pale paa zinapokutana, la sivyo maji yote yanamwagikia meza ya maharusi. Na turubai likilegea linakusanya maji: dimbwi la mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 5, ni kilo 50 juu ya vichwa vya wageni. Mpe mtu mmoja ufagio wa mpini mrefu, kazi yake ni kusukuma turubai kutokea ndani.