Naomba ushauri: shindano la kupandisha mapigo ya prosesa Kigoma, kumkumbuka kaka yetu

Mtoto wa Buzebazeba

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa pili tulimzika kaka yetu hapa Kigoma. Jina silitaji kwa sasa, ila waliowahi kupeleka kompyuta kwenye kibanda chake pale Mwanga watamjua. Alizaliwa na selimundu (sikoseli), akafika miaka 34. Ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi nikiwa kidato cha pili, na ndiye aliyenionyesha kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyoandikwa 1.8 GHz inaweza kukimbia 2.4 kwa kipande cha selotepu.

Nieleze kwa wasiojua. Mwendo wa prosesa ni namba mbili zinazozidishwa. Pentium E2160 ya mwaka 2007, ile iliyojaa kwenye kompyuta za ofisini zilizotumika, inapokea mapigo milioni 200 kwa sekunde kutoka kwenye bodi kuu ya kompyuta na kuyazidisha mara 9. Hiyo 9 huwezi kuipandisha, imefungwa kiwandani. Lakini 200 ikiwa 266, unapata 2.4 GHz, yaani mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde. BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) za mashine hizi za ofisini hazikupi pa kubadilisha. Kaka alikuwa anakata selotepu ndogo kuliko punje ya mchele, anaziba kidoti kimoja cha dhahabu chini ya prosesa, na bodi inasoma kana kwamba imewekewa prosesa ya daraja la juu. Siku ya kwanza Super PI, programu ya kupima kasi kwa kukokotoa pai, ya tarakimu milioni moja ilishuka kutoka sekunde 31 hadi 24 mbele ya macho yangu. Akaiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, akanipa kalamu nami nitie sahihi kama shahidi.

Kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu ni hiki. Baridi ilikuwa inamlaza kitandani. Mwezi wa saba alivaa makoti mawili, maji ya kuoga lazima yapate moto, soda ya friji hakugusa. Na mtu huyo huyo alipenda kuliko vyote kuitafutia prosesa baridi. Barafu nilikuwa nashika mimi. Yeye anakaa mlangoni, juani, anaelekeza: ongeza, punguza, futa hapo kuna umande.

Nataka mwezi wa saba tufanye shindano la kumkumbuka, na fedha ziende kwa watoto wenye selimundu wa hapa mkoani. Nimekwama mahali patatu. Kwanza baridi: vijana wengine wanataka tuagize naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, kama wanavyofanya wale wa Ulaya wanaotafuta rekodi za dunia. Mimi nawaza barafu ya samaki ya Kibirizi na chumvi ya Uvinza, maana ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Pili, nitajuaje kwamba mtu hajadanganya? Tatu ni hela, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Sitaki mtu aje kusema tumekula mchango wa marehemu.

Nawasilisha.

Fundi wa Kasulu

Pole sana mdogo wangu. Nilimfahamu. Aliniuzia bodi mwaka 2016, na wiki mbili baadaye akanipigia kuuliza kama bado inawaka. Mafundi wa kupiga simu hiyo ni wachache.

Wape watu wote mashine ya aina moja. Ukiruhusu kila mtu aje na yake, atashinda mwenye mfuko mnene, na marehemu asingelipenda hilo. Tafuta zile za ofisini, prosesa hiyo hiyo E2160, RAM sawa, bodi za aina moja. Bodi zikiwa moja kuna faida nyingine: baada ya selotepu, mtu anaweza kuendelea kupanda taratibu kwa programu ya SetFSB, 268, 270, 273, mpaka mashine igome. Programu hiyo inategemea chipu ya saa iliyoko kwenye bodi, kwa hiyo ukipata bodi inayokubali, zote zitakubali. Hapo utaona nani mvumilivu na nani ana pupa.

Volti zisiguswe kabisa. Bodi hizo hazina pa kuipandisha, na wewe usimruhusu mtu kuchezea vidoti vya volti kwa selotepu, maana wapo wanaojua. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawasawa na mapigo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba, yaani volti mara volti. Hesabu ninayowapa wanafunzi wangu: toka 1.8 kwenda 2.4 bila kugusa volti, theluthi moja imeongezeka. Ukipandisha na volti kutoka 1.3 hadi 1.45, prosesa ya wati 65 inakaribia 108. Pawa saplai za mashine hizo zina umri wa kuwa kidato cha nne. Itapasuka mkononi mwa mtoto wa mtu.

Sasa barafu. Bila kupandisha volti, barafu itakuongezea kidogo sana. Ukiichanganya na chumvi inaweza kushuka mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri, kweli, lakini hewa ya ziwani ina unyevu na umande utatua kila mahali penye ubaridi, mpaka nyuma ya bodi usipopaona. Na tone moja la maji ya chumvi likidondoka kwenye bodi ni shoti leo na kutu kesho. Kwa washindani ningesema hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) isafishwe, pesti mpya ya kupitisha joto, feni nzima, basi. Barafu iache kwa mashine moja ya maonyesho, uishike wewe uliyefundishwa. Zungushia soketi, pale prosesa inapokaa, vaselini, weka taulo, paka rangi ya kucha kwenye bodi kuizunguka na iache ikauke usiku kucha.

Udanganyifu: tumia Windows XP au 7, usikubali Windows 8. Mwaka 2013 HWBOT, wale wanaotunza rekodi za dunia, waliyakataa matokeo ya Windows 8 kwa sababu mapigo ya msingi yakibadilishwa Windows ikiwa inawaka, saa ya kompyuta yenyewe inapotea. Sekunde yake inakuwa si sekunde. Mashine inaonekana ina kasi kumbe saa yake imechelewa. Weka mtu mwenye simu apime kando. Simu na Super PI zikipishana, matokeo hayahesabiki.

Na uwe na stebilaiza na UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kuandika diski, mshindani amerudi nyumbani mikono mitupu.

Bwana Mifugo, Tabora

Nimesoma hilo la naitrojeni ikabidi nijiandikishe ili nijibu.

Kazi yangu ni uhimilishaji wa ng'ombe. Mbegu tunazihifadhi kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi nimebeba kwenye pikipiki miaka mingi. Ndugu zangu, si kitu cha kumpa mtu aliyejifunza kwa video. Lita moja ikigeuka hewa inakuwa karibu lita 700. Kwenye chumba kilichofungwa inaifukuza oksijeni kimya kimya, haina harufu, haina rangi, mtu anahisi kizunguzungu kidogo halafu hayupo. Ukiifungia kwenye chombo kisichopumua, chombo kinapasuka. Na hata ukikaa vizuri nayo, inapungua kila siku. Mtungi wa kutoka Arusha ukifika kwenu umeshapoteza sehemu, na gharama yake ingenunua dawa za watoto wangapi?

Halafu naitrojeni za wilaya zina kazi. Kila lita inayomwagwa juu ya kompyuta, kuna mfugaji wa Igunga au Nzega amesubiri siku ng'ombe wake yuko kwenye joto, na siku hiyo ikipita ni wiki tatu nyingine.

Mengine sina utaalamu nayo. Shindano ni jambo jema sana. Nitachangia.

Mama wa Ujiji

Mwanangu wa Buzebazeba, pole na msiba. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimekaa na watoto wa selimundu zaidi ya miaka ishirini. Umeeleza baridi na makoti mawili nikamwona kabisa mgonjwa wangu. Baridi, kukaukiwa maji, homa, uchovu, hivyo ndivyo vinavyowaamshia maumivu. Kwa hiyo usiwaite watoto waje alfajiri kwenye upepo wa ziwa kusimama karibu na ndoo za barafu ili watu wapige picha. Wakija, waje jua limeshapanda, wawe na kivuli na maji ya kunywa muda wote.

Fedha msiende nazo duka la dawa. Nendeni kliniki ya selimundu mkaulize nini kimepungua, kisha mlipie hicho. Kuna watoto wanaotumia haidroksiyurea inayopunguza hayo maumivu, lakini dawa hiyo inahitaji damu ipimwe mara kwa mara, na wanaotoka Uvinza au Kibondo hawashindwi na dawa, wanashindwa na nauli. Kukosa nauli ndiko kunakomfanya mtoto aache kliniki.

Mkiweza, muwe na meza ya kuchangia damu siku hiyo hiyo. Kijana mwenye afya, miaka 18 na kuendelea, uzito wa kilo 50, anaweza. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake minne. Na watu waelezwe kwamba baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, wote wamebeba kinasaba, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Vijana wa kompyuta wanapenda hesabu, hiyo wataielewa.

La mwisho, sijaona mahali ulipoandika kwamba umeongea na mama yake.

Mtoto wa Buzebazeba

Mama, shikamoo. Swali lako limenikaa siku mbili. Sikuwa nimeongea naye. Nilikuwa nimejiona mwenye msiba kuliko mwenye mtoto. Naomba radhi hadharani.

Jana jioni nilikwenda. Anauza mawese, nilimkuta anasafisha madumu. Nikamweleza yote, selotepu, sekunde, wafadhili. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: hao wanaoshindana watakuwa wamekula? Nikamwambia hilo sijapanga. Akasema ugali na migebuka atapika yeye na shangazi zake, mimi nitafute kuni. Picha ya marehemu akiwa hospitali hataki ionekane popote. Itumike ile aliyosimama mlangoni kwa kibanda. Na jina lake la kwanza tu.

Basi nimeamua hivi. Mashine kumi za aina moja, kama Fundi alivyosema. Wafadhili wanaahidi shilingi 50 kwa kila MHz (mapigo milioni moja kwa sekunde) itakayoongezeka, na mashine lazima izimwe, iwashwe tena na ipandishwe upya mbele ya watu, na imalize Super PI bila kosa ndipo ihesabiwe. Mtu akifika 2.4 tu ni 600 MHz, mfadhili wake anatoa 30,000. Tunaanza saa nne asubuhi. Hela zinaingia kwenye akaunti ya saini tatu, ya mama yake ikiwa ya kwanza, na karatasi za benki nitazipandisha hapa hapa. Zawadi ya fedha haitakuwepo. Naitrojeni nimewaambia vijana imekufa, nikawasomea jibu la Bwana Mifugo neno kwa neno.

Fundi wa Kasulu

Safi. Nina bodi nne za aina moja na prosesa zake, nitazileta mwenyewe kwa basi. Usinilipe.

Mashine ya barafu ni ipi?

Mtoto wa Buzebazeba

Ya kwake. Mama yake alinitolea, imefunikwa kanga. Ni E2160 hiyo hiyo, lakini bodi ina BIOS kamili, volti unagusa. Pamoja nayo akanipa daftari.

Nimelisoma usiku mpaka mwisho. 9 × 333, 3.0 GHz, imepita, sahihi yangu ipo. 9 × 340, imepita. Mstari wa mwisho ni wa Desemba: 9 × 350, iligoma. Pembeni ameandika "barafu", akapiga mstari chini yake mara mbili. Desemba nilikuwa Dar, hakuwa na mtu wa kumshikia.

Leo nimefungua hitisinki, pesti imekauka kama udongo. Feni inalia lakini inazunguka. Nimepaka rangi ya kucha kuzunguka soketi, niliazima kwa dada yangu, ni nyekundu. Kibirizi wameniahidi vipande viwili vya barafu asubuhi hiyo.

Bado nahitaji bodi sita. Aliye nazo Kigoma, Kasulu au Tabora anitumie ujumbe.