Mrejesho: safari ya baiskeli milimani kwenye barabara za changarawe

Wakuu, niliuliza tairi gani linafaa na nibebe maji kiasi gani kwa safari ya siku kadhaa milimani, kusiko na maduka wala mtandao. Nimerudi salama, ahsanteni.

Aliyeshauri tairi la upana wa mm 45 lisilo na tyubu, ubarikiwe. Jiwe lilinitoboa, dawa ya maji ya kuziba pancha iliyo ndani ya tairi ikaanza kuruka. Nikazungusha gurudumu tundu likae chini, likaziba lenyewe. Upepo punguza, maana tairi gumu hurukaruka kwenye kokoto hadi mikono inakufa ganzi.

Ila hakuna aliyenitajia breki! Mvua ikichanganyika na mchanga, pedi laini zinaisha kama chaki. Za nyuma nilizibadilisha njiani kwa mwanga wa tochi ya kichwani, vidole vimekakamaa kwa baridi. Bebeni za akiba, ikiwezekana zile za chuma. Zinapiga kelele, lakini zinadumu.

Maji: lita 4 kwenye vipande vikavu, kwingineko nilichuja ya vijito. Chujio la nyuzi (lenye vimirija vyembamba vinavyochuja maji) likishalowa lisiachwe ligande usiku, linaharibika bila kuonyesha dalili. Mimi nililala nalo ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu.

Umbali msiupime kwa kilomita tu. Kilomita 40 zenye mpando wa mita 1,500 ni kazi ya kutwa nzima, na hata kwa gia nyepesi kuna mahali nilishuka nikasukuma.

Kwa aliyeuliza kuhusu karia: sikufunga, mizigo yote ilikaa kwenye mabegi ya fremu.