Ajali za magari ya kazini: kwa nini moja inaacha michubuko na nyingine inaua?

MtunzaRejista
Wakuu, habari zenu. Nasimamia usalama kazini kwenye kampuni yenye semi za njia ya Dar–Tunduma, pickup za mafundi na pikipiki za vifurushi. Rejista yetu ya ajali ina tarehe, namba ya gari, dereva na "chanzo", basi. Na chanzo ni kilekile kila ukurasa: mwendo kasi au uzembe. Ukiuliza kwa nini ajali mbili zinazofanana zimeachana mbali kwa madhara, haijibu. Niongeze nini? Wakubwa wanataka fomu isiyozidi ukurasa mmoja.

KichwaNaTela
Mkuu, hayo ni maswali mawili, yatenganishe: nini kilileta ajali, na nini kiliamua ukubwa wa madhara. Usingizi ni chanzo. Lakini ajali ya usingizi inaua kwa sababu aliyelala hakanyagi breki, anagonga na mwendo wote aliokuwa nao. Kwa hiyo andika mwendo wa wakati wa kugonga, na kama kuna alama za breki barabarani.

Piga hesabu. Lori lenye mzigo liko kilomita 80 kwa saa, mbele kuna kizuizi, dereva anachukua sekunde moja na nusu kushtuka, breki ziko vizuri, lami kavu. Litasimama kwenye mita 83 hivi, tuseme hatua moja kabla ya kizuizi. Mwenzake aliye 100, akianzia palepale, atakifikia kizuizi akiwa bado na karibu 68. Wa kwanza hana hata mkwaruzo, wa pili anazikwa.

Angalia pia GPS yenu inarekodi kila baada ya muda gani. Ikiwa ni kila dakika, gari la 80 limeshapita zaidi ya kilomita moja kati ya alama na alama, hivyo mwendo wa kugonga hamtauona. Mwambieni aliyewafungia arekodi kwa sekunde, au angalau kila breki kali.

Miteremko iwe na kisanduku chake. Anayeshuka mlima Kitonga na mzigo wa shaba kuelekea Dar akiwa gia kubwa anategemea breki za miguu peke yake. Dramu zinachemka, breki zinapoteza nguvu, na mwendo unazidi kupanda badala ya kushuka. Andika gia, eksozi breki (inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo) ilikuwa nzima au mbovu, na uzito wa mizani.

MkandaKwanza
Nyongeza: msiandike gari tu, andikeni kila mtu kwa mstari wake. Siti aliyokaa, mkanda, kilichompata. Gari moja, mgongano mmoja, dereva anatembea na fundi wa nyuma amekufa. Ukijaza "majeruhi 1, kifo 1" umefuta jibu lenyewe. Asiyefunga mkanda nyuma humwangukia wa mbele, kwa hiyo anaweza kumuua hata aliyefunga.

Kwenye pickup za mafundi kagua haya: kava la siti limefunika kishikizo cha mkanda (hili liko kila mahali, na ndiyo maana "mikanda ipo" haina maana), kishikizo bandia kimechomekwa kunyamazisha kengele, mkanda ukivutwa kwa nguvu haukazi. Hardtop (Land Cruiser ndefu za bodi la chuma) zenye viti vya kuangaliana ni tatizo jingine: breki ikishikwa kali, watu wanarushwa ubavu. Mafundi wasikae kwenye bodi la wazi hata kwa kilomita mbili. Na sanduku la spana likae nyuma ya wavu uliofungwa kwa bolti. Gari la 50 likigonga na kusimama papo hapo, kitu cha kilo 10 kinakuja na nguvu ya kilo 200 au zaidi.

Utingo anayelala kitandani nyuma ya dereva naye aingie kwenye fomu. Huwa anasahaulika.

Daftari_la_Njano
Nakubaliana nanyi, ila tahadhari: ajali ndogo hazifiki kwenye rejista. Dereva anamalizana na fundi wa mtaani asikatwe mshahara, hivyo zinazobaki ni kubwa tu. Ukilinganisha pikipiki na semi kwa data hiyo, utapata majibu ya uongo. Acheni kukata mshahara kwa mikwaruzo kwanza.

Kipimo cha madhara kiwe wazi: siku za kutokuwa kazini, kulazwa, ulemavu, kifo ndani ya siku 30. Neno "mbaya" kila mtu ana lake. Kwa pikipiki ongeza kama helmeti ilikuwa imefungwa kamba ya kidevu. Ya kuning'inia hutoka kabla kichwa hakijafika chini.

MtunzaRejista
Nimewapata. Je, gari la mwingine likitugonga kwa nyuma tukiwa tumeharibikiwa njiani, linaingia?

KichwaNaTela
Linaingia, tena hapo ndipo tela linapohukumiwa. Gari dogo likipenya chini ya tela, bodi ya tela inakutana na kioo cha mbele, injini na eabegi hazina la kufanya. Pima chuma cha kuzuia kilicho nyuma: ukingo wake wa chini usizidi sentimita 55 kutoka ardhini, na kisiwe bomba la kuchomelea linalokunjika kwa teke. Andika saa, rifleketa kama zilionekana chini ya tope, pembetatu iliwekwa mita ngapi, au yalikuwa majani tu barabarani.