Devi (makadirio ya bei ya kazi) ya mwezi wa nane, rangi imepanda, mwenye nyumba hataki kuongeza. Nifanye nini?

rulo_katuba
Bayaya na bandugu, jambo yenu. Mimi ni fundi rangi hapa Lubumbashi, mwaka wa 11 sasa. Mwezi wa nane 2025 nilimpigia mzee mmoja wa Kampemba devi ya nyumba yake: kuta mita za mraba 420, ndani na nje, rangi ya maji, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili). Bei moja kwa yote, kwa dola, rangi juu yangu. Akatoa akonti (malipo ya kutangulia) nusu, halafu akasema nisubiri mafundi wa mabomba wamalize. Nimesubiri mpaka mwezi wa kumi.

Sasa nimerudi depo, duka la rangi. Ndoo niliyoihesabu dola 48 inauzwa 55. Halafu kuna ya pili inayoniuma zaidi: vijana wangu wanne nawalipa faranga 14,000 kwa siku. Nilipopiga hesabu, dola moja ilikuwa inatoa zaidi ya 2,800, kwa hiyo kijana mmoja alikuwa dola 5. Leo kambisti, mbadilisha pesa, ananipa 2,200 na kitu kidogo. Kijana yuleyule amekuwa dola 6 na zaidi, na kazi ni ya siku 20. Mzee anasema, "Tuliandikiana, mwanangu." Kweli tuliandikiana.

Rafiki ananiambia nitie maji na chokaa kwenye mkono wa kwanza, hakuna atakayejua. Nipeni shauri kabla sijafanya ujinga.

mwana_ruashi
Fanya tu. Wote wanafanya.

Mama_Bel-Air
Mwana_ruashi, ni wewe uliyenipakia sebule? 😂 Nilipakiwa namna hiyo 2023. Mvua ya kwanza tu, chini ya dirisha rangi ikavimba kama andazi, nikabandua kipande kizima kwa kucha. Fundi simu haipatikani mpaka leo.

Rulo, nikuulize kama mteja: akonti ilienda wapi? Ungenunua rangi siku ileile, hiyo 55 isingekuhusu.

rulo_katuba
Mama, nitasema ukweli. Ilikuwa karibu na masomo kuanza. Ilienda kwenye minerval, karo ya shule ya watoto.

Mama_Bel-Air
Nakuelewa, nami nina wanne. Lakini hapo mzee hana deni lako.

depo_kasumba
Mimi niko upande wa kuuza, msitukane kabla ya kusoma. Rangi nyeupe inaficha ukuta kwa sababu ya unga mmoja, dioksidi ya titani. Ndio kitu ghali kuliko vyote ndani ya ndoo. Madini yake yalikuwa yakichimbwa hata Kwale, kule Kenya (Kenya ile nchi, si soko letu la Kenya), mgodi ukafungwa mwisho wa 2024. Mchina ndiye anayetengeneza unga mwingi zaidi duniani, na mwanzoni mwa 2025 Ulaya iliuwekea unga wake ushuru wa ziada. Njia moja ya kuutengeneza inataka asidi ya salfa, asidi ileile mnayoiona kwenye malori ya tanki yakielekea migodi ya Kolwezi. Gundi inayoishikisha rangi ukutani asili yake ni mafuta ya petroli. Kwa hiyo kiwanda kiwe Johannesburg au Nairobi, malighafi zake zinalipwa kwa dola.

Halafu ongeza lori. Kutoka Afrika ya Kusini linavuka Zimbabwe au linapita daraja la Kazungula, linakata Zambia yote, linakuja kulala kwenye foleni Kasumbalesa. Dereva akilala siku sita, mnunuzi wa ndoo ndiye anayemlipia kitanda. Kisha duane (ushuru wa forodha), kisha TVA (kodi ya mauzo) 16%. Faranga kupata nguvu hakupunguzi hata kimoja cha hivyo, maana sisi tunanunua kwa dola. Watu wanakuja depo wanadai tushushe bei za dola. Tushushe na nini?

Ndoo ya bei rahisi iko, siifichi. Ndani titani kidogo, chaki nyingi. Utapaka mikono minne badala ya miwili.

muzee_wa_brashi
Kijana, acha kwanza mambo ya Wachina. Ile ndoo yako imeandikwa nini ubavuni: litre ao kilo?

rulo_katuba
Imeandikwa 25 kg, muzee.

muzee_wa_brashi
Na kwenye devi ulihesabu ndoo ngapi?

rulo_katuba
Tano. Mita 420 mara mikono miwili ni 840. Litre moja inakula mita 8 kwa plasta yetu. Inatoka litre 105, gawanya kwa 25, ni nne na kidogo, nikaweka tano.

muzee_wa_brashi
Ndipo pesa yako ilipozama. Rangi ya maji nzuri, litre moja ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ndoo ya kilo 25 haifiki litre 17. Kwa litre 105 unahitaji ndoo saba. Bei kupanda imekula dola 35 kwenye zile ndoo tano. Hizo mbili ulizosahau ni dola 110, na hata bei isingepanda ungezikosa. Nami nilifanya kosa hilo miaka mitatu mfululizo, nikidhani vijana wananiibia. Nilimfukuza mmoja. Mpaka leo nikikutana naye Kamalondo naangalia pembeni.

rulo_katuba
Miaka 11, muzee. Miaka 11 nagawanya kwa 25.

fundi_wa_golf
Mimi siku hizi devi yangu ni kazi ya mikono tu. Rangi mteja ananunua mwenyewe, ninamwandikia aina na idadi.

muzee_wa_brashi
Mteja akinunua mwenyewe anakuletea ile ya chaki, ikibanduka jina ni lako. Mimi naandika chini ya devi: bei ya rangi inadumu siku 15. Na akonti haipiti nyumbani kwangu, tunaenda depo mimi na mwenye nyumba pamoja, ndoo zinalala kwake. Vijana nawaandikia dola, tunabadili kwa kiwango cha siku ya malipo.

depo_kasumba
Chokaa isidharauliwe, ndugu. Chokaa ya Kakontwe, Likasi, ikizimwa vizuri inafaa ukuta wa uzio, ilimradi mwenye nyumba aambiwe. Lakini ajue kwamba siku akitaka rangi ya maji juu yake, lazima akwangue yote. Rangi haishiki juu ya unga.

rulo_katuba
Narudi na habari. Juzi nilienda kwa mzee na ndoo moja tupu pamoja na karatasi. Nilimwonyesha kosa langu, kilo na litre. Alicheka sana, kumbe alikuwa mwalimu wa hesabu. Uzio wa mbele, mita 60 ndani ya zile 420, amekubali upakwe chokaa. Kwa hiyo zinatosha ndoo sita, na ile ya sita analipa yeye. Kwenye ndoo tano kupanda kwa bei ni juu yangu, na vijana pia ni juu yangu. Nikipiga hesabu nitatoka na kitu kama dola 150, nilitegemea 300.

Sasa tatizo lingine. Jana mvua imenyesha, upande wa nje hatujaugusa. Nisubiri siku ngapi?

muzee_wa_brashi
Usihesabu siku, uliza ukuta. Kata plastiki ukubwa wa daftari, jioni ibandike ukutani kwa skochi pande zote nne. Asubuhi ibandue. Ukiona jasho nyuma yake, usipake, endelea na vyumba vya ndani.

rulo_katuba
Nimebandika tatu.